Sura ya 6: Nyongeza ya Saa Janja

Wifi yangu ni mhasibu. Kila mwisho wa mwezi hukaa na vitabu viwili mezani, daftari la fedha la ofisi na taarifa ya benki, akitafuta kwa nini salio la huku halilingani na la kule. Hundi imeandikwa lakini haijafika benki. Benki imekata ada ambayo ofisi haijaiingiza. Mtu kageuza tarakimu, 54 ikaandikwa 45. Kazi hiyo huitwa usuluhishi wa kibenki, na yeye huifanya kama mpishi anayechambua mchele, jicho likienda moja kwa moja kwenye kijiwe.

Jumamosi moja alifika kwangu akitokea matembezini, jasho halijakauka, akaniwekea simu pembeni ya sufuria.

“Wifi, hebu ona. Jana nilipewa 625.”

“Kakupa nani?”

“Saa.”

Alikuwa na saa janja mkononi, ameiunganisha na programu ya kuandikia chakula kwenye simu. Kioo kilionyesha mistari mitatu ya siku iliyopita. Lengo la siku: kalori 1,300. Mazoezi: 280. Marekebisho kutoka kwenye saa: 345. Chini yake, kwa kijani, jumla aliyoruhusiwa kula: 1,925.

“Na nimezila zote, sikuvuka hata moja. Miezi miwili sasa. Mzani uko palepale, 78. Basi mwili wangu ndio una kasoro.”

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyozaa sura hii. Nimeisikia kwa watu wengi, wanawake kwa wanaume, watu wanaoamka kukiwa bado giza ili watembee kabla ya daladala, wanaopima wali kwa kikombe na kuandika hata sukari ya chai. Wanajishuku wao kabla ya kuishuku namba. Namba ile imetungwa mahali, kwa kanuni inayojulikana, na mtu aliyezoea kusuluhisha hesabu anaweza kuifuata mpaka chanzo chake. Tulizima jiko tukakaa.

Kitabu cha kwanza ni cha programu. Siku unapojiandikisha, haijui chochote juu yako zaidi ya ulichojaza: uzito, urefu, umri, jinsia, na jibu la swali moja, shughuli zako za kila siku zikoje. Kwa hayo machache inakadiria mwili wako unatumia kalori ngapi. Programu nyingi, MyFitnessPal ikiwamo, huanzia kwenye kanuni ya Mifflin na St Jeor iliyochapishwa Marekani mwaka 1990. Kanuni yenyewe inaweza kufanywa nyuma ya bahasha. Zidisha uzito wa kilo kwa 10. Zidisha urefu wa sentimita kwa 6.25, ujumlishe. Toa umri mara 5. Mwanamke atoe 161, mwanamume aongeze 5.

Wifi ana kilo 78, sentimita 162, miaka 38. Tulipiga: 780, kujumlisha 1,012, kutoa 190, kutoa 161. Tukapata kama 1,440. Hizo ndizo kalori ambazo mwili wake ungetumia kwa siku nzima hata angelala kitandani bila kuinua mkono, kwa moyo kupiga, mapafu kupumua, ini na ubongo kufanya kazi zao. Halafu programu huzidisha kwa kiwango cha shughuli. Yeye alijaza kwamba kazi yake ni ya kukaa, na tuseme kukaa ni mara 1.25, ikaja 1,800. Alitaka kupungua nusu kilo kwa wiki, kwa hiyo programu ikakata 500 kila siku. Ndiyo ile 1,300.

Kitabu cha pili ni cha saa. Hii haikadirii siku mara moja tu. Inaandika dakika kwa dakika. Ndani yake mna kipima mtikisiko kinachohesabu mkono unavyotikisika, na mgongoni mwake mna taa ndogo ya kijani inayomulika ngozi kuangalia damu inavyopita, ili ikadirie mapigo ya moyo. Ikifika saa 6 usiku inajumlisha: kwa wifi, jana ile, ametumia 2,240. Ndani ya 2,240 zimo zote, usingizi, kupika, kukaa ofisini, kutembea.

Basi una vitabu viwili juu ya mwili mmoja. Kimoja kinasema 1,800, kingine 2,240. Programu hufanya kilekile anachofanya wifi mwisho wa mwezi: inachukua tofauti, 440, na kuiandika kama marekebisho ili vitabu vilingane. Lengo la 1,300 likiongezwa 440 linakuwa 1,740. Upungufu wa 500 umebaki palepale, kwa sababu 2,240 kutoa 500 ni 1,740.

Nilimwona uso unabadilika. “Kumbe si zawadi,” alisema. “Ni tofauti ya vitabu.”

Ndivyo. Na mhasibu yeyote atakwambia kwamba tofauti ya vitabu haikuelezi kitabu kipi ndicho cha kweli. Inakuambia tu kwamba havikubaliani.

Kuna jambo linalowachanganya watu wengi hapa, nami nataka tulimalize. Wanabishana kuhusu kiwango cha shughuli: nichague kazi ya kukaa au ya wastani, ili saa isinihesabie mara mbili? Tufanye hesabu. Wifi akichagua wastani, tuseme mara 1.4, programu itakadiria 2,016 na lengo litakuwa 1,516. Saa bado inasema 2,240. Tofauti sasa ni 224. Lengo na marekebisho: 1,740. Akichagua shughuli nyingi, mara 1.6, kadirio ni 2,304, kubwa kuliko la saa, na marekebisho yanakuwa hasi, kutoa 64. Lengo la 1,804 kutoa 64: tena 1,740. Hata ukianzia wapi, saa ndiyo inayoamua mwisho wa siku. Ila kwa sharti moja: marekebisho hasi yawe yameruhusiwa. Kwenye MyFitnessPal kuna mahali pa kuyaruhusu katika mipangilio, na kama hukuyaruhusu, siku uliyolala na homa programu itakuachia chakula cha siku ya kawaida. Inaongeza unapojituma, haipunguzi unapopumzika. Kwa mwezi mzima, kosa hilo peke yake linaweza kuuchelewesha mzani. Nilimwomba afungue mipangilio. Kwake kitufe kilikuwa kimezimwa.

Malalamiko ya pili ninayoyasikia ni haya: “Asubuhi saa ilisema nimechoma 280, mbona programu imenipa 120 tu? 160 zangu zimekwenda wapi?” Hazijapotea, ila lazima uone programu inavyoitabiri siku ambayo haijaisha. Chukua saa 2 asubuhi. Wifi amelala toka saa 6 usiku mpaka saa 12 alfajiri, na mtu akilala hutumia kidogo, kama 60 kwa saa, jumla 360. Kisha ametembea saa moja, 280. Kisha ameoga na kunywa chai, 80. Saa imeandika 720. Muda uliobaki, saa 16, haujafika, kwa hiyo programu inaujaza kwa kadirio lake yenyewe: 1,800 kugawa kwa 24 ni 75 kwa saa, mara 16 ni 1,200. Kujumlisha 720 ni 1,920. Ukitoa 1,800, nyongeza ni 120. Zile nyingine zimefidia usingizi, kwa kuwa programu ilidhani kila saa ya usiku angetumia 75 naye alitumia 60, na kadirio lilishabeba 75 za ile saa aliyotembea, ambazo angezitumia hata akikaa. Siku inavyosonga, akipanda ngazi, akizunguka sokoni, akisimama jikoni, nyongeza inapanda.

Usiku inashuka tena. Saa 3 usiku inaweza kusoma 480, kwa sababu programu inaamini zile saa tatu zilizobaki utatumia 75 kila moja. Wewe umejilaza, unatumia 62. Ikifika saa 6 usiku kama 40 hivi zimeondoka, na aliyekwishakula mpaka ya mwisho anaamka akikuta ameandikiwa kuzidisha. Kwa hiyo namba ya jioni isichukuliwe kama salio la kutoa. Bado ina hundi ambazo hazijafika benki.

Na hiyo saa 6 usiku yenyewe haimfai kila mtu. Pwani tumezoea kwamba jua likizama siku mpya imeingia. Muuguzi wa zamu ya usiku naye siku yake huanza wenzake wanapozima taa. Programu inakata usiku katikati bila kujali, nusu ya zamu huku na nusu kule. Mtu wa namna hiyo asome wastani wa wiki, aache kuhangaika na siku mojamoja. Vivyo hivyo anayesafiri: ukitoka Dar es Salaam kwenda Muscat, simu ikageuka saa za huko na saa ya mkononi ikabaki na za nyumbani, vitabu vyako havifungwi kwa wakati mmoja na marekebisho yatatoka ovyo mpaka usawazishe.

Hapo, kwenye mambo ya saa, ndipo tulipoikuta tarakimu iliyogeuzwa ya wifi.

Nilimuuliza: kama tofauti ya kweli ni 440, zile 625 zilitoka wapi? Kuna 185 zisizo na hati. Wifi aliinamia simu, akarudi nyuma siku moja, mbili, tano. Akagusa mstari wa mazoezi. “Nimetembea saa moja,” akasoma, “kuanzia saa…” Akanyamaza. Kisha akanionyesha kwa kidole. Ilikuwa imeandikwa 12:00.

Alikuwa ametoka nyumbani saa 12 asubuhi, akaandika 12. Kwa Kiswahili amesema kweli tupu. Kwa simu, 12:00 ni adhuhuri.

Kila siku kwa miezi miwili, basi, mambo yalikwenda hivi. Saa ilimwona akitembea alfajiri, ikaandika 280 zake. Halafu programu ikapokea kwa mkono wake matembezi mengine ya adhuhuri. Mifumo hii, ukiingiza zoezi kwa mkono pamoja na muda wake, hufuta kile ambacho saa iliandika katika muda huo na kuweka cha kwako, ili kisihesabiwe mara mbili. Ni utaratibu mzuri. Ila adhuhuri yeye alikuwa mezani akila, saa imeandika 95. Zikafutwa 95, zikawekwa 280. Tofauti ni 185. Matembezi ya alfajiri yalibaki yalivyo. Alitembea mara moja, akalipwa mara mbili.

Tulibadilisha ikawa 6:00. Mstari wa mazoezi ukabaki 280, na marekebisho ya saa yakashuka kutoka 345 hadi 160. Jumla 440. Nilimweleza asishtuke kuona marekebisho yameshuka: ukiandika zoezi mwenyewe, linahama kutoka kwenye mstari wa marekebisho kwenda mstari wa mazoezi, na jumla haiongezeki. Njia rahisi zaidi ni kutoandika kabisa matembezi na mbio, uiachie saa. Uandike kwa mkono yale tu ambayo saa haiyaoni, na uyaandike kwa saa za simu. Kabla ya kufunga ukurasa tulikagua na mambo mawili mengine. Simu yenyewe ilikuwa nayo inapeleka hatua kwenye programu sambamba na saa ya mkononi. Tukaacha chanzo kimoja. Na katika akaunti ya saa uzito wake ulikuwa bado wa mwaka juzi, kilo 85. Vitabu viwili haviwezi kulingana kama kila kimoja kinamhesabia mtu tofauti.

Wengi wangeishia hapo, nami sikutaka aishie hapo. Vitabu kulingana ni jambo moja. Je, 2,240 ni kweli?

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na daktari wa moyo Euan Ashley, walichapisha majaribio ya vifaa saba vya mkononi kwa watu 60 wa kujitolea. Watu hao walitembea, walikimbia na kuendesha baiskeli wakiwa wamevaa vifaa hivyo, huku kalori zao zikipimwa kwa mashine ya maabara inayochunguza pumzi. Kwa mapigo ya moyo vifaa vilifanya vizuri: sita kati ya saba vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Kwa kalori hali ilikuwa nyingine kabisa. Kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichofanya vibaya kuliko vyote kwa asilimia 93. Vifaa vimebadilika tangu wakati huo, lakini tatizo la msingi halijabadilika: saa inahesabu mapigo, haihesabu kalori. Kalori inazikisia.

Na utafiti huo ulionyesha jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Makosa ya vifaa yalikuwa makubwa zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi zaidi, kwa wenye miili mikubwa, kwa wanaume, na wakati wa kutembea. Mwanga wa kijani humezwa na rangi ya ngozi kabla haujaifikia damu vizuri. Nasema hili kwa uzito kwa sababu saa hizi zinauzwa Kariakoo na River Road kama zinavyouzwa kwingine, na mnunuzi anastahili kujua.

Kisha kuna maisha yetu yenyewe. Mtu akikuna nazi, akifua nguo za wiki, akisukuma chapati, mkono unakwenda na kurudi, na saa inaona hatua. Abiria wa bodaboda kwenye barabara ya mashimo anaweza kushuka akiwa na hatua ambazo mguu haukuzikanyaga. Upande wa pili, mama aliyebeba kichwani ndoo ya lita 20 amebeba kilo 20 kamili, anapanda mlima nazo, mkono mmoja ameshika ndoo. Saa inamhesabia kama mtu anayetembea mikono mitupu, au haimwoni kabisa. Joto nalo lina lake. Mchana wa Februari pale Dar es Salaam moyo hupiga haraka kwa sababu mwili unapeleka damu kwenye ngozi ili upoe, na saa inadhani umeongeza bidii.

Lakini hata tungekuwa na saa isiyokosea hata kalori moja, bado kuna fumbo, na fumbo hilo lilifumbuliwa, kwa sehemu kubwa, nchini kwetu. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa Wahadzabe, jamii inayoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Walishiriki watu wazima 30. Hawakupimwa kwa saa. Walikunywa maji maalumu yenye hidrojeni na oksijeni za uzito usio wa kawaida, na sampuli za mkojo wao zikaonyesha miili yao imetoa hewa ya ukaa kiasi gani, na kwa hiyo imetumia nishati kiasi gani. Hakuna njia ya kuaminika zaidi ya kumpima mtu anayeendelea na maisha yake.

Watafiti walitarajia namba kubwa. Wahadzabe hutembea kila siku mwendo mrefu kuliko wengi wetu, wanachimba ardhi ngumu kwa fimbo, wanapanda mibuyu. Majibu yalipotoka, na tofauti za ukubwa wa mwili zikiwa zimezingatiwa, matumizi yao ya nishati kwa siku hayakutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini.

Pontzer amekaa miaka mingi akiifanyia kazi maana ya jambo hilo. Maelezo yake ni kwamba mwili una bajeti. Ukiongeza matumizi upande wa miguu, baada ya muda unabana pengine: katika uvimbe wa ndani usio wa lazima, katika homoni za mfadhaiko, katika kutulia zaidi saa zilizobaki bila wewe kujua. Kinachobanwa hakilingani kwa kila mtu, na wataalamu bado wanajadiliana ukubwa wake. Lakini hatua ya elfu 10 haileti kalori mpya sawasawa na ilivyoleta hatua ya elfu 2. Saa haijui hivyo. Inajumlisha tu.

Ningesikitika mtu akifunga kitabu hapa akasema basi kutembea hakuna faida. Kutembea kunashusha sukari, kunalinda moyo, kunatuliza akili, kunakuletea usingizi. Mimi mwenyewe sikosi. Ninachokipinga ni kuugeuza mguu kuwa mashine ya kutolea chakula. Huko Pittsburgh, mtafiti John Jakicic na wenzake waliwafuatilia watu wazima 471 waliokuwa wakipunguza uzito, kwa miezi 24, na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Waliopewa kifaa cha kuvaa walipungua wastani wa kilo 3.5. Waliofuata utaratibu wa kawaida bila kifaa walipungua kilo 5.9. Kwa nini, utafiti haukuthibitisha. Mimi nikiiangalia ile 1,925 ya kijani kwenye simu ya wifi naona sababu moja inayoaminika.

Imebaki sahani. Chakula ni hesabu ya upande wa pili, nayo ina makosa yake, wakati mwingine makubwa kuliko ya saa. Mwaka 1992 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa watu waliosema wanakula kidogo na bado hawapungui. Walipopimwa, ilionekana waliandika chakula pungufu kwa asilimia 47 na mazoezi zaidi kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo. Jicho la binadamu ndivyo lilivyo mbele ya sahani.

Siku ile nilikuwa nimepika chapati. Nilimuuliza wifi huwa anaiandikaje. “Chapati moja,” akasema, akanionyesha: 104. Ile ilikuwa chapati ya Kihindi, nyembamba, iliyochomwa kavu. Tukaiweka chapati yangu kwenye mizani ya jikoni: gramu 92. Chapati yetu imekandwa na mafuta, ikakunjwa na mafuta, ikakaangwa kwa mafuta, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori kama 120. Kwa kadirio la kalori 3 kwa kila gramu, ile moja ilikuwa 275. Alikuwa akila mbili kila wikiendi, na zaidi akija kwangu. Ugali nao una mtego wake: unga mkavu gramu 100 ni kama kalori 350, lakini ugali uliopikwa una maji mengi, kwa hiyo gramu 100 za ugali hazifiki hata nusu ya hizo. Ukipima ugali ukaandika unga umejipunja. Ukipima unga ukaandika ugali umejipendelea. Tanzania ina majedwali yake ya virutubisho vya vyakula, yaliyochapishwa mwaka 2008 na wataalamu wa Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard, na Kenya ilitoa ya kwake mwaka 2018 pamoja na FAO. Namba za humo ni za vyakula vyetu. Zitumie kabla ya kuchagua jina la kwanza linalojitokeza kwenye simu.

Sasa mhasibu wangu alikuwa na vitabu viwili vyenye makosa, na alitaka kujua amwamini nani. Nilimwambia aite mkaguzi wa nje, yaani mzani, lakini mzani wa wiki nne. Kilo ya siku moja imejaa chumvi ya jana, maji, hedhi, choo. Apime kila asubuhi baada ya kutoka msalani, kabla ya chai, aandike, na mwisho wa wiki achukue wastani. Kwa wiki hizo nne ale lengo lake na nusu ya nyongeza tu. Hiyo nusu haikutoka katika kanuni yoyote. Ni pa kuanzia, kwa kujua saa hukosea na mwili hubana. Na nilimuuliza kwanza kuhusu afya yake, kama ninavyomuuliza kila mtu: mwenye kisukari anayechoma insulini, mjamzito, anayenyonyesha, au aliyewahi kuwa na ugonjwa wa kujinyima chakula asifanye jambo hili bila daktari. Asishuke pia chini ya 1,200 kwa mwanamke au 1,500 kwa mwanamume kwa sababu tu simu imeandika hasi.

Alirudi baada ya siku 28 na daftari la karatasi, mistari imepigwa kwa rula. Wastani wa chakula: 1,520 kwa siku. Wastani wa saa: 2,240. Uzito: umetoka 78 hadi 76.3. Hakunisubiri nimpigie hesabu. Kilo 1.7 mara 7,700, ambazo ni takriban kalori za kilo moja ya mafuta ya mwilini, ni 13,090. Gawa kwa 28, ni 467 kwa siku. Jumlisha na 1,520 alizokula, ni 1,987. Hayo ndiyo matumizi yake kwa siku kwa mujibu wa mkaguzi, pamoja na makosa yote ya sahani ndani yake.

Kisha akatoa 1,800 za programu, akaandika jibu pembeni kwa wino mwekundu, mahali ambapo ofisini kwake huandika kiasi kilichothibitishwa. Saa ilikuwa imesema 440. Yeye aliandika 187, akapiga mstari chini yake, akaniuliza kama chapati zipo.

“Zipo,” nilimwambia. “Na mizani iko hapo kabatini.”

Alikuwa ameshaitoa.